Mama, uchovu huo hautibiwi kwa vidonge

IKIWA wewe ni mama unayeishi Kimbo, Kiganjo, Makongeni au Mwihoko na unafanya kazi nje ya nyumba yako, huenda umewahi kuingia katika duka la dawa jioni, mkoba begani, ukaomba "kitu cha kichwa". Muuzaji alikupa vidonge sita ndani ya karatasi, ukalipa, ukameza viwili palepale, na kesho yake ukaamka alfajiri kuanza upya. Wiki iliyofuata ulirudi dukani.

Leo ningependa tuzungumze juu ya kichwa hicho.

Akina mama wanaokuja kuniona mjini Thika huwa hawaniambii kwamba wana msongo wa mawazo. Huniambia kichwa kinabana kama kitambaa kilichofungwa kwa nguvu. Huniambia mabega ni mazito, tumbo linachoma, moyo unakwenda mbio hata wakiwa wameketi, na kwamba usingizi hukatika saa nane za usiku wakabaki wakitazama dari hadi jogoo wa jirani awike. Wengi huwa wamekwisha kujipa jina la ugonjwa. Mmoja atasema ni presha, mwingine vidonda vya tumbo. Wapo waliotibiwa homa ya matumbo mara tatu katika mwaka mmoja kwa sababu ya kipimo cha damu cha Widali, kipimo ambacho huweza kuonyesha homa hiyo kwa mtu asiyekuwa nayo. (Siku moja nitaandika juu ya kipimo hicho peke yake, maana kimewatajirisha watu wengi.)

Nikishawapima presha, damu na sukari, na vyote vikawa sawa, huuliza swali moja: "Mama, jana ulilala saa ngapi na ukaamka saa ngapi?" Hapo ndipo mazungumzo ya kweli huanza.

Mwili unafanya nini?

Mnamo 1936 daktari Hans Selye, aliyekuwa akifanya utafiti mjini Montreal, Canada, alichapisha habari fupi katika jarida la Nature. Alikuwa amegundua kwamba wanyama wanaopatwa na taabu za namna mbalimbali, iwe baridi, jeraha au sumu, huonyesha mabadiliko yanayofanana ndani ya miili yao. Baadaye mambo hayo ndiyo yaliyokuja kuitwa "stress" na dunia nzima, na neno hilo sasa tunalisikia hata katika matatu.

Kwa kifupi ni hivi. Unapokutana na hatari, ubongo huamuru tezi zilizo juu ya figo zimwage homoni mbili kubwa, adrenalini na kotisoli. Moyo huongeza kasi, misuli hukaza, sukari humwagika katika damu ili upate nguvu, na tumbo huambiwa lisubiri. Ukikutana na mbwa mkali njiani, mpango huo ni mzuri mno. Utakimbia, utafika, utahema, na baada ya muda mwili utatulia.

Lakini kodi ya nyumba haikimbiwi ikaisha. Wala karo, wala msimamizi wa kazi anayekutazama saa yake ukifika umechelewa dakika kumi. Hatari za namna hii hukaa nawe mchana na usiku, kwa hiyo mwili hubaki umekaza. Misuli ya shingo na kichwa iliyokaza kutwa nzima huleta kile kichwa cha kubana. Tumbo lililovurugwa huleta kiungulia, gesi na kuendesha. Homoni zinazopaswa kushuka usiku hubaki juu, nao usingizi hukatika. Hedhi yaweza kuvurugika na hamu ya tendo la ndoa ikapotea. Hasira huwa karibu kama kiberiti, na anayeungua kwa kawaida ni mtoto aliyemwaga uji.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicho cha kubuni. Mama anayeambiwa "huna kitu, ni mawazo tu" amedhulumiwa, kwa maana maumivu yake ni ya kweli na yana njia yake mwilini.

Hesabu ya siku moja

Hebu tuchukue mama mmoja wa mfano, anayeishi Ruiru na kufanya kazi Nairobi. Anaamka saa kumi na nusu alfajiri. Anawasha jiko, anapasha maji, anatayarisha chai na chakula cha mchana cha watoto, anamwamsha wa kwanza, anambembeleza wa pili. Ikiwa ni siku ya mgao wa maji, anajaza mitungi. Saa kumi na mbili kasorobo yuko kituoni. Kukinyesha, nauli imepanda kabla hajafika. Anashika foleni ya magari Githurai, kisha Roysambu, kisha Muthaiga. Anafanya kazi kutwa. Jioni anaikabili barabara ileile, na anafika nyumbani saa moja na robo usiku akiwa na sukumawiki aliyonunua kwa mama mboga.

Watu hudhani hapo kazi imekwisha. Bado kuna kupika, kuosha, sare za shule, na daftari la mtoto linalosema kesho alete manila, gundi na vifuniko vya chupa. Tangu mtaala wa umilisi ulipoanza kutumiwa kote nchini mwaka wa 2019, wazazi wengi wamekuwa wanafunzi tena, na nionavyo mimi kazi hiyo imewaangukia akina mama zaidi. Analala saa tano na robo usiku.

Kutoka saa tano na robo hadi saa kumi na nusu ni saa tano na dakika kumi na tano. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba. Kila usiku mama huyu anakopa saa moja na dakika arobaini na tano kutoka mwilini mwake, na katika siku sita za kazi deni linapita saa kumi. Kisha Jumapili anaamka mapema kufua.

Hakuna kidonge cha kulipa deni hilo, ndugu msomaji. Ukimeza dawa ya maumivu mara moja moja hakuna ubaya. Lakini anayemeza siku kumi na tano au zaidi katika kila mwezi, kwa miezi mitatu na kuendelea, huweza kupata kichwa kinacholetwa na dawa yenyewe. Dawa kali kama diklofenaki huchubua tumbo, hupandisha presha na huweza kuumiza figo. Na zile tembe za usingizi za jamii ya diazepamu ambazo wengine huuziwa bila cheti cha daktari hukamata mtu. Wiki chache zatosha mwili kuzizoea, na ukijaribu kuziacha ghafla usingizi hukimbia kuliko mwanzo. Muuzaji anayekupa bila cheti anavunja sheria, na anayeumia ni wewe.

Cucu yuko mbali

Mara kwa mara huulizwa: mbona mama zetu walizaa watoto wanane, wakachuma kahawa, wakabeba kuni, na hatukusikia neno msongo?

Kwanza, hatukusikia kwa sababu hakuna aliyeuliza. Wazee wengi wa kike niliowatibu wana mambo ambayo walinyamaza nayo miaka arobaini. Lakini kuna jambo la pili, ambalo naliona ni kubwa zaidi. Mama yule wa zamani alikuwa na watu. Mtoto wake alilelewa na boma zima. Kulikuwa na cucu au susu jikoni, shangazi shambani, dada wa mume kando ya kisima, na mtoto mkubwa wa jirani wa kumbeba mdogo mgongoni.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 490,000 katika mji wa Ruiru, na zaidi ya 250,000 mjini Thika. Ruiru umepanuka kwa kasi, hasa baada ya barabara kuu ya Thika kupanuliwa na kufunguliwa rasmi mwaka wa 2012. Watu hao wametoka Murang'a, Kirinyaga, Kitui, Machakos, Nyanza na Magharibi. Wamepanga ghorofani, orofa ya tatu, mlango wa chuma, na jirani ambaye jina lake hawalijui. Cucu yuko kijijini na hupiga simu Jumapili. Kazi iliyokuwa ikifanywa na wanawake watano sasa inafanywa na mmoja, naye ameongezewa ajira na saa tatu za barabarani.

Utafiti wa matumizi ya muda uliofanywa na Shirika la Taifa la Takwimu (KNBS) mwaka wa 2021 ulionyesha kwamba nchini Kenya wanawake hutumia katika kazi za nyumbani na malezi yasiyolipwa muda wa takriban mara tano kuliko wanaume. Mara tano! Nilipoisoma takwimu hiyo sikushangaa. Ningeshangaa kama ingekuwa mara mbili.

Kuna wanaotegemea yaya. Vyema, lakini tukumbuke kwamba yaya naye mara nyingi ni mama, na mtoto wake amebaki kwa susu Kitui ili yeye alee wa kwako. Analala wa mwisho na kuamka wa kwanza. Yaya aliyechoka na asiyelipwa kwa wakati ataongeza msongo nyumbani, na hatakuwa na kosa.

Ushauri usiofaa

Kwa sababu hizo, mimi huchoshwa na ushauri unaotolewa kwa akina mama kila mahali. Utaambiwa ujipende. Utaambiwa uoge maji ya moto yenye marashi, uende ukafanyiwe masaji, uchukue likizo, ufikirie mambo mazuri. Ushauri huo umetungwa kwa mtu mwenye nafasi na fedha, na humwachia mama hatia mpya: sasa amekosa hata kujipenda.

Mama aliyebeba magunia matatu hahitaji kufundishwa kutabasamu. Ashushiwe moja. Kwa hiyo swali ninalopenda ujiulize wiki hii ni hili: katika siku yako, ni nini kinachoweza kuondolewa, kupunguzwa, au kupewa mtu mwingine?

Chukua karatasi uandike kila jambo ulilofanya jana, tangu kuamka hadi kulala. Wengi hushtuka. Kisha weka alama kwenye yale ambayo dunia haitaanguka yakikosa kufanywa. Je, ni lazima nguo zote zipigwe pasi, hata za kulalia? Je, githeri ikipikwa mara moja Jumapili ya kutosha siku tatu, kuna atakayekufa? Mtoto wa miaka kumi, awe msichana au mvulana, anaweza kuosha vyombo, kufagia na kutandika kitanda. Namtaja mvulana makusudi, maana katika nyumba nyingi dada huitwa jikoni ilhali kaka anatazama mpira.

Usingizi usiuchezee. Ukiweza kuongeza dakika thelathini tu kila usiku, mwisho wa wiki utakuwa umerudisha saa tatu na nusu. Chai nzito na kahawa zikome saa nane mchana. Kafeini hukaa mwilini kwa saa nyingi, na kwa wanawake wanaomeza tembe za kupanga uzazi hukaa muda mrefu zaidi. Hivyo vinywaji vya mikebe vya "kuongeza nguvu" wanavyokunywa wafanyakazi wa zamu za usiku ni kukopa kwa riba.

Na nikitaja riba, mikopo ya simu. Sijui daktari mwingine anayeuliza wagonjwa wake kuihusu, lakini mimi huuliza. Mama amekopa hapa akalipe pale, amekatwa tena, na simu inalia na ujumbe wa vitisho wakati ananyonyesha. Moyo huo hauwezi kutulia kwa dawa yoyote niliyo nayo. Ikiwa una mikopo mitatu, keti na mtu unayemwamini muiandike yote, muanze na ule wenye riba kubwa, na usikope mwingine wa kulipia huo. Hata chama, ambacho ni baraka kwa wanawake wengi wa miji hii, huweza kugeuka mzigo. Mama aliye katika vyama vinne, kila kimoja na faini zake za kuchelewa, ajiondoe katika viwili.

Kuna zoezi moja dogo ninalolifundisha, na halihitaji senti. Ukiwa ndani ya matatu, keti wima, vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, kisha itoe polepole ukihesabu hadi sita. Endelea kwa dakika tano. Pumzi ndefu ya kutoka huamsha mishipa ya fahamu inayopunguza mbio za moyo. Ni msaada mdogo na wa kweli, ila halitalipa kodi wala kuosha vyombo.

Baba watoto, nawe soma hapa

Wanaume wanaofika na wake zao kliniki huniambia kwa fahari, "Daktari, mimi humsaidia." Humsaidia kazi ya nani? Watoto ni wenu wawili, na sufuria ulilia chakula wewe pia. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, yaani usioubeba huuona mwepesi. Basi jaribu kuubeba. Chukua kazi mbili za kila siku ziwe zako kabisa, bila kukumbushwa. Kwa mfano, daftari za watoto jioni na kuwatayarisha asubuhi. Nasema bila kukumbushwa kwa sababu kukumbuka ni kazi pia. Mama anayepaswa kukumbuka chanjo, kiatu kilichochanika, gesi inayokaribia kwisha na siku ya mkutano wa wazazi hapumziki hata akiketi kwenye kochi.

Na ikiwa msongo nyumbani unatokana na kipigo, matusi au vitisho, hayo si mambo ya ratiba. Nambari 1195 ni ya bure na hupokea wanaodhulumiwa kijinsia.

Waajiri nao hawana budi kutajwa. Thika ni mji wa viwanda, na wanawake wengi wa hapa hufanya kazi katika viwanda vya chakula na nguo, na katika mashamba ya mananasi na maua. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye malipo kamili, na baba wiki mbili. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea au kukamulia maziwa, na kumpa mama anayenyonyesha muda wa kufanya hivyo usiozidi saa moja katika zamu ya saa nane. Nimewauliza wagonjwa wengi kama kazini kwao kuna chumba hicho. Wengi hunijibu kwamba hukamulia maziwa chooni. Wengine, hasa vibarua, hawakuwa wamewahi kusikia kwamba sheria kama hiyo ipo. Mwajiri anayelalamika kwamba wanawake hukosa kazi kwa ugonjwa aanze kutafuta chanzo hapo.

Uchovu unapokuwa ugonjwa

Hadi hapa nimezungumzia mzigo. Sasa naomba uwe makini, kwa maana si kila uchovu hutokana na mzigo.

Mama anayechoka akipanda ngazi, anayepata hedhi nzito na ambaye macho yake ni meupe ndani ya kope, huenda amepungukiwa damu. Anayepunguza uzito, kutetemeka na kuhisi joto, huenda tezi ya shingoni inafanya kazi kupita kiasi, jambo ambalo hutokea kwa baadhi ya wanawake katika miezi ya baada ya kujifungua. Presha na kisukari huingia kimya. Kwa hiyo ni haki yako kupimwa kabla mtu hajakuambia ni mawazo. Presha, kiwango cha damu na sukari ni vipimo rahisi.

Kisha kuna sonona, yaani huzuni inayokaa na kumla mtu. Jiulize maswali mawili. Katika wiki mbili zilizopita, je, siku nyingi umekosa hamu au furaha katika mambo uliyokuwa ukiyapenda? Je, siku nyingi umejisikia mwenye huzuni au kukata tamaa? Ikiwa jibu ni ndiyo hata kwa moja, mwone daktari au muuguzi. Ikiwa umefikiria kwamba ingekuwa afadhali ufe, au umeogopa kwamba utamdhuru mtoto, usisubiri kesho.

Mama aliyejifungua ndiye ninayemwogopea zaidi. Kila mtu huja kumwona mtoto, akiwa na nepi na uji, na hakuna anayemuuliza mama. Ugonjwa huu haukuletwa na Wazungu, kama wengine wanavyodai. Daktari John Cox wa Uingereza alifanya utafiti miongoni mwa akina mama wa Uganda katika miaka ya 1970, ambako Waganda walikuwa na jina lao la maradhi ya akili ya mzazi, amakiro. Ni yeye na wenzake waliochapisha mwaka wa 1987 maswali kumi yanayotumika leo katika kliniki nyingi duniani kumtambua mama mwenye sonona baada ya kujifungua. Waganda walikuwa wamekwisha kuona.

Sonona inatibika kwa mazungumzo ya mpangilio, kwa dawa, au kwa vyote viwili. Dawa zake, kama fluoksetini, hazimfanyi mtu teja. Huchukua wiki mbili hadi nne kabla ya kuonyesha nguvu, na wengi huziacha katika wiki ya kwanza wakidhani hazifai. Kanisa na msikiti hufariji, na sitamkataza mtu maombi. Anayemwambia mama atupe dawa ndiye ninayempinga.

Mabibi wa Harare

Mwaka wa 2006, katika mtaa wa Mbare jijini Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza jambo ambalo wengi waliliona la mzaha. Hakuwa na madaktari wala vyumba. Aliwafundisha wanawake wazee waliokuwa wahudumu wa afya mtaani waketi kwenye benchi la mbao nje ya zahanati na kuzungumza na watu wenye kile Washona wanachokiita kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Bibi husikiliza, kisha wawili hao huchagua tatizo moja na kulitafutia hatua ya kwanza. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2016 katika jarida la madaktari wa Marekani, JAMA: baada ya miezi sita, waliozungumza na mabibi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Hapa kwetu pia jambo la namna hiyo limejaribiwa. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2017 uliwahusisha wanawake zaidi ya 400 wa viungani mwa Nairobi, waliopata mafunzo ya vikao vitano kutoka kwa wahudumu wa kijamii wasio madaktari, au huduma ya kawaida ya zahanati. Waliopata vikao walipungukiwa na dhiki zaidi.

Tunajua basi kwamba inawezekana. Jopo lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza mwaka wa 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe janga la kitaifa. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 kote nchini, wakapewa mikoba yenye vipima presha na sukari. Wahudumu hao hupita milangoni Kiandutu, Kiganjo, Gatongora na Kimbo. Ombi langu kwa Kaunti ya Kiambu ni dogo: mhudumu akishaifunga ile mashine ya presha mkononi mwa mama, amuulize yale maswali mawili, na afundishwe la kufanya akijibiwa ndiyo. Kuuliza kunachukua dakika moja. Kazi na gharama ziko katika mafunzo, katika msimamizi wa kumwelekeza, na katika kumlipa mhudumu mwenyewe kwa wakati, kwani wengi wao ni akina mama wenye mizigo hiihii niliyoieleza.

Kwa sasa, ukihitaji msaada, anza na zahanati iliyo karibu nawe. Katika hospitali kubwa za umma, kama ile ya Thika Level Five, uliza kliniki ya afya ya akili. Usione haya, na usiogope polisi: mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka Katiba. Nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu ni ya bure, nayo hutoa ushauri kwa simu. Ukija kwa daktari, njoo na ile karatasi uliyoandika siku yako, pamoja na pakiti za dawa zote ulizonunua mwezi huu. Na kama baba watoto yupo, njoo naye.